Mume anapenda sifa mpaka ada ya watoto inakwama, nimbane vipi?

Mama K wa Kihonda:

Habari zenu wakuu, mnivumilie uzi ni mrefu na naandikia kwenye simu.

Mume wangu si mlevi wa kupindukia, hanipigi, mchepuko kama yupo basi kafichwa vizuri, kazini anaheshimika. Tatizo lake ni moja tu, SIFA. Huyu mtu ukimsifia unamvua shati. Kwao ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu, sasa ukoo mzima kuanzia mashangazi mpaka watoto wa mabinamu wanamuita Mhandisi, hata simu ya kuombwa hela ya dawa inaanza na "Mhandisi wetu, taa ya ukoo", hapo mwenzenu kashaisha, anaulizia tu itumwe namba gani.

Kinachoniua zaidi ni magrupu ya harusi. Mnazijua zile listi mweka hazina anazoposti kila jioni, jina, ahadi, kalipa ngapi, tiki ya kijani kwa aliyemaliza. Baba K hawezi kulala kama kuna jina limempita. Juzijuzi ilikuwa harusi ya mtoto wa bosi wake mstaafu, watu wanaahidi laki, laki na nusu, akatokea mmoja akaandika laki tano. Tumekaa wote sebuleni, namuona anaandika anafuta, anaandika anafuta, mwisho kaandika MILIONI MOJA kwa herufi kubwa na vile vimoto vitatu. Wacha zishuke, "Mhandisi hujawahi kutuangusha", "ndio maana tunakuita mwanaume", "mwenyekiti huyu apewe meza ya mbele". Anasoma moja moja anacheka peke yake kama kijana aliyejibiwa na demu. Usiku uleule nikamkumbusha ada ya muhula laki nne na nusu, akasema tusubiri mshahara.

Mshahara umetoka ukaenda kwenye ahadi maana jina lake lilikuwa halina tiki na aibu ilikuwa inamla. Ada nimelipa mimi kwa hela ya duka. Na sasa nimekuta karatasi ya mkopo, tena wa kausha damu, ile ya mtaani yenye riba ya kuumiza, alichukua kumalizia mchango wa binamu yake Iringa. Baa nako ni hivyohivyo, akiingia tu wanapiga kelele Mhandisiii, basi anamwambia mhudumu zungusha kama walivyokaa, na wengine hata hawajui.

Nikimwambia anakuwa mkali, anasema nina roho mbaya, sitaki watu wampende. Nauliza, huu ni ugonjwa, ni tabia au ni malezi? Na kuna mtu kawahi kumbana mtu wa hivi akabanika bila kumdhalilisha? Matusi sitaki jamani, ni baba wa wanangu.

---

Kinoko wa Buza:

Pole sana dada ila mbona hujaweka namba ya Mhandisi, mimi nina harusi Desemba 😂😂

Natania. Ila nina rafiki yangu wa hivyo, tukitaka kunywa bure tunachofanya ni kubishana mbele yake nani ana moyo kati yake na mwingine. Dakika tano haziishi bia zipo mezani. Nakwambia ili ujue upande wa pili wanaongea nini akishaondoka. Wanamuita ATM.

---

Mweka Hazina Mstaafu:

Mama K mimi nimekaa kamati za harusi miaka mingi, Moro hapahapa na Dar, ngoja nikwambie jikoni kunapikwa nini ili usimlaumu mzee peke yake.

Ile listi imetengenezwa makusudi iumize. Kamati ingekuwa inataka kumbukumbu tu, mweka hazina ana daftari na meseji za muamala, inatosha. Listi inapostiwa kwenye grupu kwa sababu watu wakionana wanaoneana aibu, na aibu inalipa kuliko undugu. Kikao cha kwanza ndiyo kabisa, kabla hakijaanza mwenyekiti anakuwa ameshaongea pembeni na mtu mmoja mzito, anamwambia "kaka utufungulie dimba". Yule anasimama anataja kiasi kikubwa, ukumbi unapiga makofi, sasa wewe wa pili utasema elfu hamsini kwa mdomo gani? Wakati mwingine yule mfunguzi wala halipi chote, walishakubaliana. Mnaoumia ni nyie mliokuja na ahadi za kweli.

Na kila kamati inakuwa na watu wake wa kusukumwa. Tunawajua kwa majina. Huyu ukimsifia anaongeza, huyu ukimlinganisha na fulani anaongeza, huyu mpigie simu umwambie bila wewe shughuli haifanyiki. Mumeo yupo kwenye hiyo orodha, na nina uhakika akialikwa kwenye grupu jipya kuna mtu anamwambia mwenzie "Mhandisi ameingia, tulieni". Kwa hiyo usipambane na mnunuzi wa sifa tu wakati muuzaji umemuacha kakaa dukani.

Nachoweza kukushauri kwa uzoefu, mtafute mweka hazina wa grupu faragha, asilimia kubwa ni watu waelewa. Mwambie mchango wa nyumba yako utakuwa unapitia kwako, akilipa asiweke kiasi, aweke tiki tu. Kuna watu wengi tu wanaomba hivyo, hasa wenye hela kweli, hawataki wajulikane. La pili, nyumbani mkae mapema mpange fungu la michango la mwaka mzima, mfano laki sita, zikiisha zimeisha, na akitaka kuandika milioni aone anakula fungu la mwaka mzima na bado halitoshi. Mtu wa sifa ukimkatalia papo hapo mbele ya simu atakuona adui, ila hesabu iliyoandikwa mapema kwa mkono wake mwenyewe inamshika kidogo.

La tatu watu hawalifikirii. Apewe KAZI kwenye kamati badala ya kutoa hela. Usafiri, vinywaji, kupokea wageni toka mikoani. Ataitwa jina lake siku nzima, ataheshimika, na haimgharimu zaidi ya vocha na mafuta.

---

Jogoo la Shamba:

Mwanaume akikosa sifa ndani atazifuata nje. Wanawake wa siku hizi mnajua kulaumu tu, lini mara ya mwisho umemwambia mumeo ahsante kwa kuweka nyumba? Msifie mumeo uone kama atahangaika na magrupu.

---

Nuru ya Pasiansi:

Ndo hivi sasa. Mtu kakopa kausha damu, ada kalipa mke, halafu mke ndiye asifie. Asifie nini, tiki?

Jogoo mimi nimeishi na baba wa namna hiyo. Mama yangu alikuwa anamsifia asubuhi mpaka jioni, akiingia ndani tunasimama wote kama bendera inapandishwa. Haikumtosha. Sifa ya watu wa ndani anaihesabu ni haki yake, anayoitaka ni ya watu ambao hawana sababu ya kumpenda. Mgeni akija nyumbani anachinjiwa kuku, sisi tunakula mchuzi, na mgeni akiondoka mzee anatuuliza "amesemaje?" Siyo kashiba, siyo kafurahi. Amesemaje.

---

Mama K wa Kihonda:

Jogoo baba yangu, mume wangu namsifia, tena mno, mpaka shati nalompigia pasi namwambia umependeza. Nuru kasema vizuri, ya kwangu haina uzito. Nikimwambia mume wangu wewe ni baba bora anasema "ahsante". Mtu asiyemjua akimuandikia hivyohivyo Facebook anakuja kunisomea.

Mweka Hazina nimekuelewa sana, sikuwa najua kuna kufungua dimba. Lile la laki tano sasa naanza kulitilia shaka 🙄

---

Mtoto wa Birere:

Bonjour batu ba Tanzania. Mie niko Goma. Hii mambo muko nasema hapa, kwetu iko biashara kubwa, inaitwa libanga. Mutu analipa mwanamuziki juu jina yake itajwe ndani ya wimbo. Tangu bendi ya Wenge Musica ipasuke 1997, Werrason huku na JB Mpiana kule, album zilijaa majina, sebene ikianza unasikia majina tu inafuatana, boss fulani wa Paris, mama fulani wa Bruxelles, président wa kampuni gani. Kuna wenye walikuwa nalipa madolari mingi na huku kwao nyumba iko na deni.

Na mwanamuziki hana kosa. Album ya kopi ya wizi iko nauzwa barabarani, ye atakula nini? Jina ya mutu njo mshahara yake. Shida iko kwa ule mwenye anasikia jina yake ndani ya redio anazani batu banamujua. Batu banajua jina, ye hapana.

---

Kinoko wa Buza:

@Mtoto wa Birere umenikumbusha enzi za dansi hapa Dar, mapedeshee walikuwa wanapanga foleni kwenye bendi watajwe. Ukisikia jina lako limerapiwa kabla ya chorasi we ushafika. Wengine ukija kuwaona leo utalia.

---

Bi Shani wa Ngamiani:

Wanangu mnaongea kama jambo hili limeanza na WhatsApp. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye taarabu, nimeona kwa macho yangu.

Mwanamke anataka kumtuza muimbaji. Ana noti ya elfu kumi. Hampi vile. Anaichenji mlangoni zinakuwa noti za elfu moja moja, kisha anasubiri mpaka ufike ubeti unaomgusa mbaya wake, hapo ndio anainuka. Hainuki haraka, anaweka sawa mtandio, anaweka sawa bangili, anapita mbele ya meza ya yule mbaya wake, noti imekaa juu juu hivi baina ya vidole viwili, anafika kwa muimbaji anamwekea moja. Anarudi kukaa. Anainuka tena. Elfu kumi inatembea usiku kucha! Muimbaji naye anamjua, anaurudia ubeti. Wanaorekodi video wanaangalia yeye, si ngoma. Na kesho asubuhi mwanamke yuleyule anakuja kugonga kwa jirani kuomba sukari ya chai.

Na kabla yetu kulikuwa na beni, ngoma ya vyama vya kushindana. Bibi zetu walitusimulia habari za vyama vya Marini na Arinoti, kule Tanga na Dar, kila upande una vyeo vyake vya kijeshi vya kuiga wazungu, na makoti ya kuiga wazungu, wanashindana nani ang'are zaidi na nani alishe watu wengi zaidi. Hiyo ni zama za Mjerumani na vita vya kwanza. Upande wa kina mama Mombasa ilikuwa ngoma ya lelemama, vyama na vyama, mmoja akichinja mbuzi wawili mwenzie lazima achinje ng'ombe, dhahabu ikawekwa rehani kwa ajili ya kupika pilau la kuwakomoa wenzao. Sasa Mama K, mumeo na milioni yake yuko kwenye mila kongwe tu, usimuone wa ajabu.

Ila nitakwambia tofauti. Kule kwenye lelemama chama kilikuwa chako. Leo umempikia mwenzio pilau, kesho umefiwa, wanachama walewale wanakuja na sanda na mchele na wanakaa na wewe matanga mpaka mwisho. Sifa ilikuwa na marejeo. Huyo bosi mstaafu wa mumeo, akifiwa Mhandisi, atakuja? Grupu la harusi linafutwa wiki moja baada ya harusi. Hilo ndilo la kumuuliza mumeo, tena kwa upole, siku ametulia na ameshakula. Usimuulize "kwa nini unapenda sifa", hakuna binadamu atakayelijibu hilo. Muulize, katika wale waliokuandikia, nani alikuja ulipolazwa?

---

Mkenya Halisi:

Bi Shani umeongea. Hapa Kenya sisi tuliipa jina tukaiweka kwenye nembo ya taifa, Harambee. Ilianza vizuri sana, watu walijenga shule na zahanati kwa mikono yao. Halafu wanasiasa wakaona pale kuna jukwaa. Mheshimiwa anakuja kanisani Jumapili na bahasha, pesa inahesabiwa mbele ya kamera, noti moja moja, mc anapiga kelele, na Jumatatu hakuna mwenye anauliza hiyo pesa ilitoka wapi.

Hiyo maneno ilifika mahali Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto mwenyewe akatangaza maofisa wa serikali wasishiriki harambee. Novemba mwaka huohuo yeye akaenda kanisa Katoliki la Soweto hapa Nairobi akatoa zaidi ya milioni mbili, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akasema hapana, zirudishwe. Wengine walimkasirikia askofu wakisema maskini wamenyimwa. Mimi nilimpigia makofi, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliona mwenye duka amekataa kuuza.

Ndio maana nakubaliana na yule wa kamati, dawa iko kwa yule anayepokea.

---

Abuu Sumayya:

Assalam alaykum. Kwa upande wa dini hili linaitwa riyaa na si jambo dogo. Iko hadithi mashuhuri ya watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa siku ya Kiyama, aliyekufa vitani, aliyesoma na kufundisha, na aliyetoa mali. Wote matendo yao mazuri kabisa, ila waliyafanya ili watu waseme shujaa, watu waseme msomi, watu waseme karimu. Wanaambiwa, yameshasemwa. Malipo walishayachukua duniani.

Dada, mumeo kama ni Mkristo basi hata kwenu yapo, mwenye kutoa sadaka asipige panda, na mkono wa kushoto usijue wa kulia umefanya nini.

---

Nuru ya Pasiansi:

Abuu amina, ila kanisani kwetu Jumapili kuna mnada. Jogoo mmoja wa elfu ishirini anapandishwa mpaka laki mbili na mzee wa kanisa anamtaja mnunuzi kwenye spika, "mpigieni vigelegele mzee wetu". Panda lipi tena lisilopigwa hapo? Tusimwangushie baba K peke yake huko kwenye moto.

---

Mnasihi wa Makulu:

Mama K nafanya kazi ya ushauri nasaha hapa Dodoma, nijibu swali lako la ugonjwa, tabia au malezi.

Kupenda sifa peke yake hakumo kwenye orodha ya magonjwa ya akili. Kila binadamu anapenda kusifiwa na asiyependa kabisa huyo ndiye wa kutiliwa shaka. Kuna matatizo ya haiba ambayo njaa ya sifa ni mojawapo ya dalili zake, lakini hayo hapimwi mtu kupitia uzi wa mkewe, kwa hiyo nawaomba wale wanaojiandaa kuja kumpachika majina ya kitaalamu watulie. Ulichoeleza kinafanana zaidi na mtu ambaye thamani yake ameiweka mikononi mwa watu wengine.

Mwanasaikolojia Carl Rogers wa Marekani aliliandika hili zamani, kwamba mtoto akipendwa kwa masharti, ukifaulu unapendwa ukifeli unanuniwa, anakua akiamini kupendwa ni mshahara. Sasa fikiria mtoto wa kwanza kufika chuo kikuu kwenye ukoo. Nadhani tangu darasa la nne alikuwa anaitwa mbele ya wageni aoneshe ripoti yake. Kuna utafiti wa mwaka 1998 wa Claudia Mueller na Carol Dweck, walichukua watoto wa darasa la tano huko Marekani wakawapa mafumbo, baadhi wakasifiwa "una akili", wengine wakasifiwa "umejitahidi". Waliosifiwa akili baadaye walichagua mafumbo mepesi, na yalipokuja magumu wakakata tamaa haraka kuliko wenzao. Na walipoambiwa waandike maksi zao kwa ajili ya kuwasimulia watoto wa shule nyingine, wao ndio walidanganya zaidi. Unaona? Ukishaambiwa wewe ni taa ya ukoo huwezi kukubali kuonekana umezimika, utakopa ili uwake. Mkopo wa mumeo mimi nauona hapo.

Halafu kuna hili la simu. Mwanasaikolojia mwingine, Skinner, aligundua kwa njiwa wake kwamba ndege anayepata punje bila mpangilio, mara anapata mara hapati, anaendelea kudonoa muda mrefu kuliko anayepata kila mara. Laiki na zile komenti za kwenye grupu zinakuja hivyohivyo bila mpangilio, leo vimoto kumi, kesho kimya. Facebook waliweka kitufe cha laiki 2009, na kufika 2019 Instagram wenyewe wakaanza kujaribu kuficha idadi ya laiki kwenye baadhi ya nchi, 2021 wakaruhusu kila mtu azifiche akitaka. Mumeo anaweza kuzificha, na magrupu anaweza kuyazima mlio. Ni jambo dogo ila ile nusu saa ya kuandika na kufuta inahitaji simu iwe inalia mfukoni.

Kwa vitendo, mzoeshe kuchelewesha. Asiahidi siku aliyoombwa. Ajibu "nimeiona, nitawasiliana na mweka hazina", na kesho yake ndio aamue. Makofi yakishapita kiasi kinashuka chenyewe. Na kama atakubali, aje aongee na mtu, aje peke yake kwanza, ukija nae atakuwa anataka nimsifie mbele yako, nimeyaona hayo.

Ninachokataa ni lile la kumuaibisha. Kuna ndugu huwa wanashauri "muandikie kwenye grupu kwamba ada haijalipwa". Usithubutu. Mtu wa sifa ukimvunjia jukwaa moja anaenda kujenga lingine kubwa zaidi ili kuliziba, na safari hii atakopa bila karatasi kuonekana.

---

Jogoo la Shamba:

Kumbe na mimi nimesema kitu kilekile, asifiwe vizuri. Mnasihi kaweka wazungu mkaelewa.

---

Mnasihi wa Makulu:

Hapana ndugu yangu, sijasema hivyo. Ukimuongezea sifa za aina ileile unaongeza njaa. Akimfundisha mwanae hesabu, mke aseme "mtoto leo ameelewa sehemu, umekaa nae mpaka kaelewa". Inataja alichofanya. "Wewe ni taa" haitaji kitu.

---

Kisheria Zaidi:

Mama K mimi nitaongea kidogo tu. Kwenye huo mkopo angalia ameweka nini dhamana. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inakulinda, nyumba mnayoishi kama wanandoa hawezi kuiuza, kuigawa wala kuiweka rehani bila ridhaa yako, hata kama hati ina jina lake tupu. Ukiwa na wasiwasi unaweza kwenda kuweka zuio kwa msajili wa hati. Kama ni kiwanja cha mtaani kisicho na hati, nenda serikali ya mtaa mwenyekiti ajue mapema, kwa sababu hao wa kausha damu wanapenda kumalizana kwa karatasi za mtaa. Na matunzo ya familia ni wajibu wake kisheria, sikwambii umshitaki, nakwambia ujue unaposimama unasimama juu ya nini.

Pia tafuta ile karatasi uipige picha. Leo.

---

Mama K wa Kihonda:

Nimerudi wakuu, kimya kilikuwa kirefu maana nilitaka nijaribu kwanza ndio nije kuandika.

Karatasi nimepiga picha. Dhamana ni pikipiki na friji, nyumba haimo, nimepumua. Tumekaa nae siku ametulia kama alivyosema Bi Shani. Sikumuuliza habari ya sifa, nikamuuliza alipolazwa Mazimbu na ile homa ya ini nani alikuja. Akataja kaka yake, mchungaji, na yule kijana fundi gereji ambaye hata harusi yake hatukuchanga kwa sababu hakuwa na grupu, alikuja tu kutualika kwa mdomo. Akanyamaza. Halafu akasema "lakini wengi walipiga simu". Nikaacha hapohapo, sikutaka kumkaba.

Fungu la mwaka tumeliandika, alitaka milioni mbili, tumeishia laki nane, kasaini kwa mbwembwe kama anasaini mkataba wa barabara 😅. Mweka hazina wa grupu jipya nimeongea nae ni mama mtu mzima, kakubali tiki bila kiasi. Ila siku ya pili tu Baba K kaniuliza "mbona kwangu hawajaandika shilingi ngapi, watu watajua nimetoa elfu ishirini?" Nikamwambia wengine pia hawajaandikiwa, akaenda kuhesabu kwenye listi ni wangapi. Alivyokuta na mkurugenzi wao kwenye hao wasioandikiwa kafurahi kweli, sasa anatembea anasema watu wazito hawatangazi. Kwa hiyo sijui kama amepona au amehamia sifa nyingine.

Sasa kuna jipya, mdogo wake anaoa mwezi wa tisa na familia imemteua yeye MWENYEKITI wa kamati. Kawaambia yuko tayari. Hapo nafanyaje?

---

Nuru ya Pasiansi:

Mama yangu weeee.

---

Mweka Hazina Mstaafu:

Usiogope, mwenyekiti ni nafasi nzuri kwake kuliko unavyodhani, anaongoza vikao, anaongea, anasikilizwa. Hatari ni kikao cha kwanza tu kwa sababu watamtaka yeye ndiye afungue dimba, tena ni mdogo wake. Kiasi chake kiamuliwe nyumbani, kitoke kwenye zile laki nane, na kilipwe kwa mweka hazina KABLA ya kikao ili akisimama awe anataja hela iliyokwisha kuingia, si ahadi. Mwambie hiyo ndiyo heshima ya mwenyekiti, hafungui kwa maneno anafungua kwa risiti. Atalipenda hilo neno.

Na mweka hazina asiwe ndugu wa bwana harusi, asiwe na simu moja na mwenyekiti, na namba ya kulipia iwe na majina mawili. Ukipata mtu wa hivyo Moro nitumie ujumbe faragha, kama humpati mimi nipo, sitaki hata chai, ila vikao visiwe Jumapili mchana.